Carina iliyochemsha barabara ya Kondoa, na karatasi iliyonionyesha kosa

Mtu akiniambia tena "toa thermostati, Dodoma joto, huku haina kazi," nitamkalisha kwenye benchi la gereji nimwonyeshe sufuria. Thermostati ni vali inayofunguka kwa joto na kuruhusu maji ya injini yaende kwenye rejeta kupozwa. Ushauri huo nimeusikia tangu nikiwa kijana wa kushika tochi, na safari hii ulichangia kumfikisha mzee wa watu mahali pa kutaka kufunguliwa injini isiyo na ugonjwa.

Gari ni Carina Ti ya injini ya 5A. Mwenyewe ni mzee wa Kigogo anayefuata mafuta ya alizeti Kondoa, anapakia madumu mpaka buti linainama, anakuja kuuza hapa Dodoma mjini, Majengo. Alifika gerejini kwetu Chang'ombe asubuhi mapema, thermostati yake ameitia kwenye bahasha ya kaki kama mtu aliyebeba majibu ya hospitali.

"Mbukwa, mzee."

"Mbukwa, mwanangu. Gari inachemsha. Hapa mjini haina neno, hata nikisimama inaunguruma nusu saa haisemi kitu. Nikishavuka Makutupora, mshale unapanda."

Alikuwa ameshapita kwa mafundi watatu. Wa kwanza alikuta feni ya rejeta imekufa, akamwekea ya mtumba na kuiunga dairekti, ukiwasha gari nayo inazunguka muda wote. Wa pili ndiye aliyetoa thermostati. Wa tatu alisema gasketi ya hedi (kizibo kati ya kichwa cha injini na silinda zake) imeungua, akamtajia laki nne na ushee, na hapo hujaweka mafuta wala kupeleka hedi kuchongwa. Mzee akashtuka, akaomba siku mbili za kufikiri, akaletwa kwangu na jirani yake.

Nilianza na gasketi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa inamnyima usingizi. Nililaza gari gerejini. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa nikafungua mfuniko wa rejeta, nikajaza maji hadi mdomoni, nikawasha. Gasketi ikipasuka kuelekea kwenye silinda, moshi wa mlipuko unasukumwa ndani ya maji: unaona mapovu yanakuja mfululizo kama soda, na ukifunga mfuniko, mpira wa juu, ule unaopeleka maji ya moto kwenye rejeta, unakuwa mgumu kabla maji hayajapata hata uvuguvugu. Hapa yalitoka mapovu machache ya hewa iliyobaki, yakaisha. Mpira ukabaki laini. Kijiti cha oili hakina uji mweupe, plagi zote nne kavu na rangi moja. Nikamwambia mzee, hedi hatuigusi. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akanyamaza muda mrefu.

Sasa sufuria. Thermostati ya mzee ilikuwa imeandikwa 82, yaani inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82. Nilichukua uzi wa kushonea, nikaubana kwenye mdomo wa vali, nikaining'iniza ndani ya sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, pamoja na kipimajoto. Vali ikiwa imefunga, inaushika uzi na kitu chote kinaning'inia. Ikifunguka, uzi unaachiwa na thermostati inaanguka chini, unaisikia kabisa, tii! Huhitaji kukodoa macho kwenye mvuke. Kijana wangu alikuwa anasoma namba kwa sauti: 78, 80, 81. Kwenye 83 ikaanguka. Nikaipooza, nikarudia, ikaanguka palepale. Thermostati nzima, imetolewa bure.

Na ubaya wa kuitoa ni huu. Kwenye injini kama hizi thermostati ina kisahani cha pili upande wa chini. Maji yakipata moto, vali kubwa inafungua njia ya rejeta, na kile kisahani kinaziba njia ya mkato ambayo maji hupitia injini ikiwa baridi. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji ya moto inazunguka kurudi kwenye injini bila kuonana na rejeta. Asubuhi injini inachelewa kupata joto lake na inakunywa mafuta, mchana kwenye mlima inakosa upoozaji wake kamili. Toyota wenyewe kwenye vitabu vyao vya ufundi wanaonya usiiondoe hata kama injini inaelekea kuchemsha. Nikairudisha na gasketi yake mpya, kitobo kidogo cha hewa kikiangalia juu.

Mfuniko wa rejeta nao nikabadilisha, maana mpira wake ulikuwa umekatika. Watu huudharau sana. Dodoma tupo kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji kwenye sufuria yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100 ya vitabuni. Mfuniko wa 0.9 (ndicho kipimo chake cha presha) ukiwa mzima unabana presha, na maji yanaweza kwenda mpaka karibu nyuzi 116 kabla ya kuchemka. Ukivuja, umebaki na 96 yako, na injini yenye mzigo inafika hapo bila shida.

Baada ya hapo nikafanya jambo lililonigharimu siku mbili, na naliandika kwa sababu wengi mngelifanya. Tunajua wote: gari linalochemsha likisimama na kupoa likikimbia, angalia feni. Linalochemsha likikimbia, likiwa na mzigo, angalia rejeta na mzunguko wa maji. La mzee lilikuwa la kundi la pili, wazi kabisa. Feni nilikuwa nimeiona kwa macho yangu inazunguka tena kwa nguvu, sikuirudia.

Usiku nikaweka taa nyuma ya rejeta, nikazima taa za gereji, nikachungulia kutoka mbele. Hii njia naipenda kuliko kifaa chochote. Rejeta safi inaonyesha mwanga sawasawa kama chekecheke. Ya mzee ilikuwa na mwanga pembeni tu, katikati giza. Vumbi la kiangazi chetu, mbegu za nyasi na wadudu vimegandamana mpaka vimekuwa tofali. Tukaishusha. Nikaosha kwa maji ya kawaida na sabuni kutoka upande wa injini kutoa nje. Hilo lishike: ukipiga mashine ya presha kutoka mbele, uchafu unaingia ndani zaidi na mapezi (vile vibati vyembamba vya rejeta) yanalala. Ndani nako maji ya kisima ya miaka mingi yalikuwa yameacha ukoko mweupe ule ule unaouona kwenye birika la chai. Rejeta ilikuwa ya shaba, fundi wa rejeta akafungua tanki la juu, akapitisha vijiti mrija kwa mrija, akachomelea. Alichukua elfu thelathini na kitu, pamoja na nauli ya bodaboda. Tukajaza kulanti (dawa ya kupozea injini) nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa ya chupa, tukatoa hewa, usiku nikachungulia tena: mwanga kote.

Nikampigia mzee nikamwambia gari limepona.

Kesho yake tulipakia madumu yake yamejaa maji badala ya mafuta, uzito uwe ule ule, tukachukua barabara ya Kondoa. Msalato, Veyula, mshale umetulia chini kidogo ya nusu. Makutupora ukasogea. Kabla ya Mayamaya, kwenye mwendo wa 80 na kupanda kidogo, ukavuka robo tatu. Mzee hakusema kitu. Alitazama dirishani tu, na mimi nilitamani angenifokea.

Nikaegesha pembeni, nikaacha injini iwake. Na hapo ndipo nilipoanza kuumia kichwa: mshale ukaanza kushuka. Gari limesimama juani saa saba mchana na linapoa, wakati likikimbia na upepo wote ule linachemsha! Rejeta iliyoziba haifanyi hivyo kwa haraka namna ile. Wota pampu mbovu haifanyi hivyo pia.

Nikafungua boneti, nikasimama mbele ya gari. Kwenye grili kulikuwa na nyasi kavu tulizozikokota njiani. Bua moja likacheza, likachomoka, likanirukia kifuani. Nikabaki nimesimama. Upepo ulikuwa unatoka ndani ya gari kuja kwangu, upepo wa moto wenye harufu ya injini. Nikachukua karatasi kwenye dashibodi, risiti ya mafuta, nikaishika mbele ya rejeta. Feni nzima inayonyonya inaifyonza karatasi na kuibandika kwenye mapezi hata ukiiachia. Hii ilisukumwa nje. Nikairudisha, ikasukumwa tena.

Feni ilikuwa inazunguka kinyume.

Nilimwita mzee aje aone. Nikampa karatasi aishike mwenyewe. Akaijaribu mara nne, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo inapuliza badala ya kuvuta?" Ndiyo, baba. Mota ya feni hii ni ya umeme wa betri, chanya na hasi. Ukibadilisha waya, inageuza upande wa kuzunguka, haiungui wala hailalamiki. Yule aliyefunga feni ya mtumba alikuta soketi haifanani, akakata nyaya mbili na kuziunga bila kuangalia upepo unaenda wapi. Gari likisimama, feni inachukua hewa ya kwenye injini na kuisukuma kupitia rejeta kwenda mbele. Mapanga yake hayakuchongwa kwa upande huo kwa hiyo nguvu ni ndogo, lakini kwa injini isiyo na kazi inatosha. Likikimbia, upepo wa barabara unaingia kwa mbele, feni nayo inausukuma kutoka nyuma, vinakutana katikati ya rejeta na hewa inakwama. Kadiri unavyokanyaga ndivyo injini inavyotoa joto, na joto halina pa kwenda. Ndiyo maana mjini haina neno. Mzee alinipa jibu lote kwenye salamu ya kwanza, nami niliona feni inazunguka nikaridhika.

Pale barabarani nilichomoa waya wa feni kabisa. Tukarudi mpaka Msalato kwa upepo wa barabara peke yake, na mshale ukakaa mahali pake. Nilitaka mzee aone hilo kwa macho yake, na nakiri nilitaka na mimi nilione.

Gerejini kazi ilikuwa ya dakika arobaini. Nikageuza nyaya mbili, nikazichomelea kwa lisasi na kuvika mpira, ule muungo wa kusokota na kufunika kwa gundi ya karatasi nikautupa. Dairekti nikaiondoa pia. Kwenye Toyota za umri huu feni inaongozwa na swichi ya joto pamoja na rilei (swichi inayoendeshwa na umeme): maji yakiwa baridi swichi inaunganisha saketi na rilei inaizuia feni, yakipata moto swichi inakata saketi na feni inaanza. Ukitaka kujua kama mfumo unafanya kazi, washa umeme bila kuwasha injini na chomoa waya wa hiyo swichi. Feni lazima izunguke. Ya mzee ikazunguka mara ya kwanza. Rilei na swichi vilikuwa vizima siku zote, kilichokufa mwanzo ni mota peke yake. Feni inayozunguka saa zote inamaliza brashi zake na kuibebesha altaneta mzigo usio na sababu, na dereva hapati dalili yoyote siku ikifa.

Tulirudia barabara na madumu yale yale ya maji. Makutupora, Mayamaya, mpaka Haneti. Nilikuwa nimeazima kipimajoto cha bunduki kwa mwenzangu wa Area C. Tulisimama mara tatu nikapima mpira wa juu na wa chini. Wa juu haukuwahi kufika 95, wa chini ulikuwa chini yake kwa tofauti nzuri, maana yake rejeta inafanya kazi yake. Mzee aliendesha kurudi yeye mwenyewe. Njia nzima alikuwa ananionyesha mshale kwa kidole.

Jumla alitumia kama laki moja na nusu, nyingi ikiwa rejeta na kulanti. Kazi ya rejeta nisingeifuta, ilikuwa imeziba kweli na ingemfikia tu kabla ya masika. Kilichoniuma ni mpangilio: nilitumia siku mbili na pesa ya mzee kabla ya kutumia karatasi ya bure. Siku ya pili alituma dumu la lita tano la mafuta ya alizeti, mama watoto analipikia hadi leo.

Sasa karatasi ipo mfukoni mwa ovaroli. Kila gari linaloingia kwa sevisi, hata kama limekuja kubadilisha oili tu, naiweka mbele ya rejeta feni ikiwaka, na vijana wawili ninaowafundisha nimewazoesha hivyo hivyo. Tangu hapo tumekuta nyingine moja, Noah, feni ya upande wa AC ndiyo iliyokuwa imegeuzwa, mwenyewe analalamika AC haipoi. Tuligeuza nyaya ikapoa.

Jana imeingia Corolla, inachemsha kwenye kupanda ikitoka Gairo. Karatasi ilinasa vizuri, imebanwa kabisa. Kwa hiyo feni nzima, na usiku huu tunaweka taa nyuma ya rejeta.