Nguo za mwisho wa kaskazi: nilivyojipanga mwenyewe hapa Tanga

Kila ikifika Agosti simu yangu hujaa picha za wanawake waliovaa magauni ya kitani na kofia za majani, na maneno chini yake: nunua sasa, kiangazi kinaisha, maduka yanashusha bei. Kwa wenyewe ni ushauri wa haki. Ulaya na Marekani joto linaaga Agosti na Septemba, na mwenye duka hataki kuingia kwenye baridi na shehena ya kaptula. Lakini Tanga Agosti ni kusi. Maji ya kuoga asubuhi yana ubaridi, na watoto wengine wanakuja shule na masweta. Joto letu ni la kaskazi, na mwisho wake ni Machi, pale upepo unapolegea na masika bado hayajashika. Unatoka bafuni, hujamaliza kujifuta, jasho limeshaanza upya.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nasimama kutwa, na kwenda na kurudi ni kwa baiskeli. Februari na Machi hapa joto linafika nyuzi 32, 33, na juu yake kuna unyevu wa bahari usiokuacha hata kivulini. Miaka hii tena miezi hiyohiyo ndiyo imekutana na shughuli. Harusi zinarundikana mwezi wa Shaabani kabla ya mfungo, kuna vunjajungu, kuna Ramadhani yenyewe, halafu Idi. Mwaka 2025 Idi el Fitri iliangukia mwisho wa Machi, na kila mwaka inarudi nyuma kwa siku 10 au 11. Kwa hiyo msimu mmoja unatakiwa uwe na nguo ya kazini, ya harusini, ya kutokea jioni na ya Idi, zote kwenye joto la kuchemsha. Mwaka huu nimezipata zote, nimetoka nazo, sikuumwa vipele vya joto, na pesa iliyotoka haikufika nusu ya ile niliyotajiwa na watu.

Walionitajia ni haohao walioniambia nivae shifoni. "Dada, chukua shifoni, nyepesi, inapepea." Ushauri huu umewaumiza wengi na naupinga waziwazi. Shifoni nyingi ya madukani ni poliesta. Nyepesi ni kweli, ila hainywi jasho. Jasho linabaki kati ya ngozi na kitambaa, na kwa sababu inaonyesha mwili, fundi lazima aitie bitana, na bitana yenyewe ni poliesta pia. Sasa umevaa mbili. Ukifika saa sita mchana kwapa limeshaanza kunuka, na harufu ile kwenye poliesta ni ngumu kutoka hata ukifua. Usipime nguo ya joto kwa uzito mkononi. Uliza imefumwa kwa nini.

Na hapo ndipo ilipo kazi, kwa sababu ukiuliza utaambiwa pamba. Kila kitu sokoni ni pamba.

Nilikwenda kwenye mitumba ya Tangamano asubuhi, siku waliyofungua belo la magauni. Nguo za mtumba nazipenda kwa ajili ya lebo ya ndani, ile iliyoshonewa ubavuni au shingoni. Nyingi zinatoka nchi zenye kiangazi kifupi, ambako mtu huvaa gauni la kitani miezi miwili kisha analitoa likiwa bado zima. Lebo zinakuja kwa lugha zote, kwa hiyo nimejizoesha. Baumwolle ya Wajerumani ni pamba, coton ya Wafaransa ni pamba, cotone ya Waitaliano ni pamba. Leinen, lin na lino ni kitani. Ukiona hizo, ikunje nguo ubavuni na uendelee kuchagua kimyakimya, usionyeshe furaha usoni.

Tatizo ni zile zisizo na lebo, na ndizo nyingi. Palikuwa na gauni moja la rangi ya embe bivu, refu, lina mifuko. Nikalipenda tangu mbali. Kijana muuzaji akaniwahi: "Anti, hiyo pamba mia kwa mia, haina mchanganyiko." Nikamwambia, "Kaka, maneno yako siyakatai, naomba uzi mmoja tu."

Hapa wengi hukosea. Wanachomoa uzi wa mshono. Uzi wa mshono karibu siku zote ni poliesta, hata kwenye gauni la pamba tupu, ukiuchoma utakudanganya. Unachotakiwa kufanya ni kuligeuza gauni ndani nje, utafute ukingo wa kitambaa uliobaki nyuma ya mshono, pale palipochanika nyuzinyuzi, uvute uzi mmoja wa kitambaa chenyewe. Mmoja wa kwenda juu na mmoja wa kukata, maana kuna vitambaa vimefumwa kwa nyuzi za aina mbili. Nilivuta nyuzi mbili ndefu kama kidole. Moto sikuuwasha pale kwenye lundo la nguo, na wewe usithubutu, soko zima linaweza kuondoka. Nikatoka nazo hadi kwa mama ntilie wa pembeni, nikamwamkia, nikaomba ukingo wa jiko lake.

Uzi wa kwanza niliushika kwa kibanio cha nywele nikausogeza kwenye kaa. Haukuwaka. Ulijikunja wenyewe, ukarudi nyuma kulikimbia joto, ukatoa moshi mweusi kidogo, na mwishoni kukabaki kitone cheusi kigumu. Nilipokiacha kipoe nikakibana kwa kucha kilikuwa kama punje ya ulezi, hakipondeki. Hiyo ni poliesta, hakuna la kubishana. Wa pili vilevile. Kijana alikuwa amenifuata, ameona kila kitu. Nikauchukua uzi wa pindo la kanga yangu, ya pamba ninayoijua, nikauchoma mbele yake. Ukawaka moto wa njano, ukanuka karatasi iliyoungua, ukabaki jivu la kijivu laini ambalo nilipolipuliza lilitoweka. Mama ntilie naye akaacha mwiko akaja kutazama, akaniomba nimpimie dera alilovaa. Tukapima. Lake lilikuwa mchanganyiko: linawaka, linaacha jivu, lakini ndani ya jivu kuna chembe ngumu zinazokwaruza vidole.

Kuanzia hapo kijana alibadilika kabisa. Akawa ananiletea yeye nguo, "Anti, na hii?" Tulipima lundo zima la pembeni. Nikaondoka na magauni mawili ya pamba na shati moja la kitani la mikono mirefu, kila moja kwa elfu nne, tano hivi, na lile la embe akalirudisha juu ya lundo akiwa hasemi tena pamba. Jambo moja la kujua kwenye kipimo hiki: viskosi, kitambaa kinachotengenezwa kiwandani kutokana na miti, nayo inawaka na kunuka karatasi kama pamba. Haina ubaya kwenye joto, inanywa jasho na inaanguka vizuri mwilini, ila ikilowa inalegea nguvu na nyingi hurudi zikifuliwa. Ukiona kitambaa kimepita kwenye moto lakini kinateleza na kung'aa kidogo, huenda ni viskosi. Nunua kubwa kidogo, fua kwa mikono, usiikamue kwa kuisokota.

Shati la kitani linakunjana, ndiyo tabia yake. Mimi nalianika likiwa limenyooshwa vizuri na bado bichi, basi. Napandia baiskeli nalo, mikono mirefu inanikinga jua, na upepo unapita ndani.

Harusini ndiko palikuwa na mtihani, kwa sababu kitambaa cha sare hukichagui wewe. Kamati imeamua satini ya kung'aa, rangi ya zambarau, na kila shangazi na kila shoga atakuwa nayo, utakataaje? Nilinunua kama wengine. Ila kwa fundi niliweka sharti langu: bitana usinitilie ile ya kawaida inayoteleza, nitakuletea mwenyewe. Nikazunguka maduka ya vitambaa ya Ngamiani nikitafuta melimeli. Vijana wa dukani hawakunielewa. Mzee mmoja aliyekaa nyuma ya meza akainuka mwenyewe, akashusha jora kutoka rafu ya juu, pamba nyembamba nyeupe unayoona vidole kwa upande wa pili. "Hii mwanangu siku hizi wanachukua wa sanda na wa watoto wachanga," akaniambia. Mita tatu, bei ndogo kuliko bitana. Nikaifua kwanza ili irudi yote kabla ya kukatwa, maana ikirudi baada ya kushonwa itavuta gauni zima juu. Fundi alinung'unika kwamba satini juu ya pamba haitelezi na hatua itakuwa nzito. Tukakubaliana bitana iishie magotini na iwe pana kidogo, isishikane na ya juu. Usiku wa harusi wenzangu walikuwa wanajipepea kwa kadi za mwaliko na kutoka nje kila ngoma ikitulia. Mimi nilicheza mpaka bi harusi akatolewa. Jasho lilikuwepo, lilinywewa na melimeli.

Nyumbani na jioni navaa kanga, na kuhusu kanga nina neno. Bibi yangu alikuwa na doti za Urafiki, kile kiwanda kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, na zile kanga zilizeeka pamoja naye, zikilainika tu. Sasa doti nyingi zinakuja zimekandikwa wanga mpaka zinasimama. Shika ukingo, sugua kitambaa kwa kitambaa kwa nguvu, kisha tazama vidole. Vikitoka na unga mweupe na kanga ikaanza kulegea palepale, wanga ndio uliokuwa unakuuzia. Halafu iinue dhidi ya mwanga wa mlango uone kama nyuzi zimekaribiana. Doti nzuri nimepata kwa elfu kumi na kitu. Jina nalo lisome kabla hujalipa, usije ukavaa fumbo la kumsema jirani ukaenda nalo kumsalimia.

Mkoba wa ukili ndio ulionipendeza kuliko vyote. Wale wa kwenye picha za Agosti wanabeba vikapu vya majani kama jambo jipya, wakati hapa kwetu akina mama wanasuka miyaa na ukindu tangu enzi. Shida yake ni rangi. Msimu uliopita muuzaji mmoja aliniapia kwamba wake hauchuji, na jasho la ubavu likachora gauni langu jeupe mstari mwekundu ambao haukutoka. Kwa hiyo sasa natembea na kitambaa cheupe na chupa ya maji. Nalowesha kona ya kitambaa, naisugua kwenye ukili mwekundu na wa zambarau, kwa sababu hizo mbili ndizo zinazochuja zaidi, na pale chini kwenye kitako. Kitambaa kikibaki cheupe tunaanza kupatana bei. Angalia pia mishikio: iliyozungushwa na kupita chini ya kitako inabeba mzigo, iliyoshonewa ukingoni itakatika siku utakapoweka nazi. Masika yakianza usiuache sakafuni, utaota kuvu. Utundike pazuri penye hewa.

Makubadhi nikachagua ya kushonwa, siyo ya gundi. Kunja soli uangalie kama uzi unaonekana kupita mpaka chini. Gundi ikilala juani inaachia, na viatu vya msimu huu vinashinda juani. Hereni za bei rahisi ninazipaka ndani rangi ya kucha isiyo na rangi, tabaka mbili, naacha zikauke. Jasho likigusana na shaba linaacha ukijani, na wenye ngozi ya kuwashwa na nikeli watashukuru, ingawa ni lazima upake upya zikichubuka. Miwani ya jua usiichague kwa weusi wa kioo. Kioo cheusi kisichozuia miale ya UV, ile ya jua isiyoonekana inayoumiza macho, kinafanya mboni ya jicho ipanuke, na miale hiyo inaingia vizuri zaidi. Itakiwayo ni yenye alama ya UV400, yaani inayozuia miale hiyo, na kwa kuwa kibandiko mtu yeyote anaweza kukibandika, mimi yangu niliipeleka kwenye duka la miwani lenye kipimo, wakaniwekea mashine, ikapita.

Kuhusu wakati: nunua kabla mwezi wa mfungo haujaandama. Siku za vunjajungu watu wako kwenye kula, vitambaa vimejaa dukani, na muuzaji anakusikiliza. Ikifika kumi la mwisho la Ramadhani bei imeshapanda, barabara za Ngamiani hazipitiki usiku, na nguo nzuri za watoto zimebaki za saizi moja. Na kitambaa kipeleke kwa fundi mapema zaidi ya unavyodhani, kikiwa kimeshafuliwa, umemwandikia urefu kwenye karatasi na kuibana kwa pini. Fundi wangu mfungo ukifika katikati anageuza kiti kinatazama ukuta, hapokei tena kazi, hata ukimwita baba.