Mapanga Yaliyoganda

Wikendi hii nimeshinda ndani nikichambua picha za mbio za ndege za Reno, na nimefuta nyingi kuliko nilizobakiza. Zilizotangulia kufutwa si zile zilizotikisika. Ni zile zilizotulia mno, ambazo unaweza kuhesabu ribiti za bodi moja moja, ila mapanga ya propela yamesimama tuli utadhani injini imezimika angani. Mustang P-51, ndege ya kivita ya zamani, inayopita kwa zaidi ya kilomita 700 kwa saa, chini chini juu ya vichaka vya jangwa la Nevada, haifai kuonekana kama kidude cha mtoto kilichotundikwa kwa uzi.

Anayeanza huambiwa akimbilie shata ya kasi, yaani kamera ifumbuke kwa 1/1000 au 1/2000 ya sekunde tu. Kwa jeti sina ubishi. Kwa propela hesabu ni nyingine. Injini ya Merlin ya Mustang ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, gia huishusha propela hadi kama mara 1,440, yaani 24 kwa sekunde. Mapanga ni manne. Ukitaka duara kamili, kila panga lifike pale lilipokuwa jirani yake, unahitaji kama 1/100 ya sekunde. Na katika kufumba na kufumbua huko, ndege yenyewe imeshasogea mita mbili.

Hapo ndipo utamu ulipo, na jasho pia. Miguu haibanduki, viwiko vimebana mbavuni, kiuno ndicho kinachogeuka. Unaanza kuifuata ndege ingali nukta, unabonyeza bila kusita, na unaendelea kuifuata hata ikishapita. Nyingi zitaharibika tu. Lenzi ya bei mbaya haitakutoa hapo, na najua wapo watakaobisha.

T-6, ndege ya zamani ya kufundishia marubani, ni kiumbe kingine. Propela yake ina mapanga mawili tu na haina gia, kwa hiyo inazunguka kwa mwendo uleule wa injini, na injini ikiachiwa yote ncha za mapanga hukaribia kasi ya sauti. Ndiyo sababu ya ule mlio wa kukwaruza unaoingia hadi kwenye meno. Kwangu hizo ndizo mbio tamu kuliko zote: ndege za aina moja, zimebanana. Watu wengi huenda kununua chakula zikiruka. Shauri yao.

Mashindano ya Reno yalianza 1964 na miaka miwili baadaye yakahamia uwanja wa Stead, yakakaa huko hadi 2023. Ndege zilizunguka nguzo za mita kama 15 zikikata kona kushoto daima, na hilo linamsumbua mpiga picha aliye jukwaani. Ndege ikilalia kushoto, mgongo na kioo cha rubani huelekea ndani ya mzunguko. Wewe uliye nje unaonyeshwa tumbo. Waliopata kibali cha kusimama nguzoni, baada ya kufundishwa usalama, ndio waliopata uso wa rubani. Mimi nina matumbo mengi. Nina pia mawimbi ya joto, maana ikifika saa sita mchana ardhi ya Stead inachemka na hata picha iliyoshikwa vizuri hutoka imelegea. Ndiyo maana nilizoea kufika alfajiri.

(Kwetu Mombasa, ukitoa lenzi ndefu kando ya ua wa uwanja wa ndege, askari anakuja kukusalimu kabla hujafungua kifuniko. Huku Marekani watu wanakuja na ngazi zao na hakuna anayewauliza.)

Sasa kuna jambo linalonizuia kujisifu sana na haya mapanga yangu yanayozunguka. Tarehe 16 Septemba 2011 Mustang iliyoitwa The Galloping Ghost iliinuka ghafla katikati ya mbio, ikageuka na kuanguka mbele ya watazamaji. Walifariki watu 11, rubani Jimmy Leeward akiwa mmoja wao. Wachunguzi wa NTSB, shirika la Marekani linalochunguza ajali za usafiri, walitegemea sana picha na video za watu waliokuwa pale. Ndani yake walikiona kibao kidogo cha mkiani kikiachana na ndege, na gurudumu la nyuma likiwa limechomoza lenyewe kwa nguvu ya ndege kuinuka ghafla. Uchunguzi ulifika hadi kwenye nati kuukuu zilizotumiwa tena na kushindwa kushika skrubu. Ushahidi wa namna hiyo unahitaji picha iliyotulia, kama hizi nilizozifuta leo kwa kuwa hazina uhai.

Nimezirudisha baadhi kutoka kwenye pipa la taka. Si kwamba nazipenda. Bado naziona mbaya. Lakini ndege hizi zina umri wa wazee, zinasukumwa kupita alivyokusudia aliyezibuni, na picha inayoonyesha kila kiungo ni kumbukumbu ya hali ya ndege siku hiyo.

Tangu 2025 mbio zimehamia Roswell, New Mexico. Kutoka hapa Sacramento ni safari ya siku mbili kwa gari, na mke wangu ameshauliza kama ndege za hapa karibu haziruki. Nikienda, sehemu iliyonyooka nitapiga 1/1000. Kwenye kona ni 1/100, na nyingi zitaharibika kama kawaida.