Ziambie ni kaka yao

Kaka alikuwa na saratani ya damu, akahitaji kupandikiziwa seli shina, zile zinazozalisha damu, kutoka kwa ndugu. Majibu ya HLA, alama za seli zinazoonyesha kama mtoaji na mgonjwa wanalandana, yalipotoka kumi kwa kumi, mama kule Tanga aliona kazi imekwisha. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja wana nafasi moja tu kati ya nne ya kulandana hivyo, na kwetu ilinidondokea mimi, kitindamimba. "Damu moja hiyo, itagombana na nani?" aliniambia kwenye simu. Nami niliamini hivyohivyo mpaka Chennai, India, mwaka 2019, wiki chache baada ya kaka kuwekewa seli shina zangu, pale viganja vyake vilipoiva.

Kaka ni seremala, mtu wa sugu mikononi. Asubuhi hiyo viganja vilikuwa vyekundu, nyayo nazo, na nyuma ya masikio. Hakusema vinawasha, alisema vinaunguza. Kisha tumbo likafunguka. Pale wodini kuhara hakusimuliwi, kunapimwa: zaidi ya mililita 500 kwa siku ni hatua ya kwanza ya ukali, ikipita 1,500 ni ya tatu. Anayejua heshima iliyopo baina ya kaka mkubwa na dada yake ataelewa tulivyokwepana macho nilipokuwa nikisoma mistari ya jagi na kuandika kwenye chati.

Siku ya pili yake daktari alikuja na majibu mawili kwa pamoja. La kwanza lilikuwa zuri: seli za damu ya kaka sasa zote zina kromosomu XX. Yaani ni zangu, kipandikizi kimeshika. Kaka akacheka nyuma ya barakoa. "Kwa hiyo, mama Idi, wanao waniite mama mkubwa?"

La pili lilikuwa la kipande cha ngozi walichokikata. GVHD: seli za mtoaji zinaushambulia mwili uliozipokea.

Nikamuuliza daktari, kumi kwa kumi ile ilikuwa ya nini? Akaigeuza chati ya choo, akaanza kuchora nyuma yake. HLA, alisema, ndizo alama kubwa. Chini yake kuna protini ndogondogo ambazo hata ndugu wa tumbo moja hutofautiana, na baadhi hutengenezwa na kromosomu Y, ambayo mimi sina. Akaniuliza kama nimezaa. Wawili, nikamjibu, wa kiume wote. Akatikisa kichwa taratibu. Mwanamke akiwa na mimba, seli za mtoto hupenya kwenye damu yake, na kinga yake huweza kujifunza kuwa hizo protini za kiume ni ngeni. Ndiyo maana mwanamume anayepokea seli za mwanamke aliyezaa huwa kwenye hatari zaidi. Walitueleza kabla ya kutia saini, lakini wakati ule masikio yetu yalisikia "kumi kwa kumi" tu.

Mchoro wake ulianzia kwenye utumbo, jambo ambalo sikulitarajia. Dawa kali zilizofagia uboho wa kaka zilikuwa zimechubua na ukuta wa utumbo. Seli zilizojeruhiwa hutoa ishara za hatari, na mabaki ya bakteria huvuja kupita kwenye michubuko. Seli za ulinzi za kaka mwenyewe, zile zilizosalia, huziokota ishara hizo na kuzionyesha seli T zangu, askari wa kinga, vipande vya protini za mwilini mwake. Seli T ikikiona kipande isichokijua, na ikapata ishara ya pili ya kuthibitisha, hutoa interlukini-2, na hiyo ndiyo amri ya kuzaliana. Hiyo ni saitokaini, yaani protini ya kupeleka ujumbe kati ya seli; hufuata nyingine, intaferoni gama na TNF, zinazoamsha jeshi zima. Jeshi huzidi kuutoboa utumbo, bakteria huvuja zaidi, na ishara hurudi upya zikiwa kubwa kuliko mwanzo. Saiklosporini, dawa ya kutuliza kinga aliyokuwa akipewa kaka, huziba njia ya kutengeneza interlukini-2 ndani ya seli. Ilikuwa imepunguza, haikuzuia.

"Basi ziueni zote," nilisema. Hapo daktari aliweka kalamu chini. Seli hizohizo ndizo zinazosaka saratani ya damu iliyobaki mafichoni. Ukiziua zote, nani atazuia isirudi?

Jioni mama alitaka maelezo. Nikamwambia seli zangu hazijamzoea kaka, zinamwona mgeni. Akanyamaza, kisha akasema, "Ziambie ni kaka yao." Sijasikia muhtasari bora wa kazi waliyokuwa nayo madaktari wale.

Walianza na steroidi kwenye dripu, miligramu mbili kwa kila kilo ya uzito wake. Ngozi ilitulia, utumbo ukagoma. Ndipo wakaongeza vidonge vya ruksolitinibu, ambavyo Marekani ilikuwa imeviidhinisha Mei mwaka huohuo kwa GVHD kali isiyosikia steroidi. Hivyo huzuia JAK1 na JAK2, vimeng'enya vinavyopokea ujumbe wa saitokaini kwenye utando wa seli na kuupeleka hadi kwenye kiini chake. Ujumbe unafika mlangoni, haupiti. Nilikipenda kidonge hicho, ingawa kilishusha chembe sahani zake, zile za kugandisha damu, na tuliishi kwa hofu ya virusi. Kila wiki alipimwa kimoja kati yao, CMV.

Namba kwenye chati zikaanza kushuka. Asubuhi moja hapakuwa na cha kumimina kwenye jagi. Nikaandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, lilelile la michango, kwamba kaka amepata choo kigumu. Zikamiminika alhamdulillahi, mashangazi wakatuma maua, na mjomba mmoja ambaye huwa hasomi vizuri akauliza amezaa mtoto gani.