Fremu Tisini na Sita za Mposho

Niliondoka Lubumbashi nikiamini kwamba siku tano za Brussels zingenitosha kutazama filamu kumi na mbili za enzi ya ukoloni, nikarudi nimetazama kipande cha moja. Nauli ya treni ya uwanja wa ndege, yenye nyongeza ambayo hakuna aliyenitajia, pamoja na chumba cha hoteli kisichokuwa na hata kiti, vilinimalizia fedha kabla sijafika kwenye hifadhi ya nyaraka ya kampuni ambayo sitaitaja.

Kopo la kwanza lilipofunguliwa, chumba kilijaa harufu ya siki. Utepe wa asetati ukioza hutoa asidi ileile ya siki, kisha hunywea. Matundu ya ukingoni hayakuingia tena katika meno ya mashine. Mama mtunza nyaraka aliniwekea meza ya taa na kioo cha kukuzia, nami nikawa navuta utepe kwa mkono, kidogo kidogo, kwa siku mbili.

Alama ambazo Kodak walizichapa ukingoni zilirudiwa kila baada ya miaka 20, hivyo utepe ungeweza kuwa wa 1936 au wa 1956. Kilichoamua ni sanduku la karatasi kwenye rafu ya chini, lenye ankara ya mpigapicha ya mwaka 1957 na mswada wa maelezo ya filamu hiyo. Filamu ikitenganishwa na karatasi zake hupoteza ushahidi huo, na kwa sababu hiyo siwezi kukubali hifadhi kama hizi ziitwe stoo za matangazo ya zamani.

Kambi ya wafanyakazi inayoonyeshwa iko Katanga. Si ya Union Minière, kampuni kubwa ya madini ya Katanga, ambayo mnamo 1928 ilianza kuwapa wafanyakazi mikataba ya miaka mitatu na kuwakaribisha wake zao, bali ya kampuni ndogo iliyofuata mfano huo. Mswada unawasifu wanawake wanaopokea mposho, yaani mgao wa chakula wa kampuni, kwa furaha. Tukio lenyewe lina fremu 96, yaani sekunde nne. Karibu na fremu ya thelathini, mwanamke aliyekwisha kugeuka aende zake anasita; baadaye amelirudisha beseni la unga kwenye mizani, naye amenyoosha vidole vitatu mbele ya karani, ambaye macho yake yameikimbilia kamera. Kama mashine ingezunguka, nisingemwona.

Usiku ule nilimkumbuka nkambo wangu, yaani bibi yangu, aliyelea watoto saba kwa mposho na kushikilia hadi kufa kwake kwamba mizani ya kambi haikuwa ya haki. Nyumbani simulizi kama hizo tunazo tele, ilhali picha zake zinaozea katika makopo ya watu wengine.

Kupiga picha kulikatazwa, na bei ya nakala ilizidi nauli yangu ya ndege, kwa hiyo nilichora tukio lile kwa penseli. Niliporudi nilimpelekea Mama Mkubwa mchoro huo Kamalondo, hapa Lubumbashi. Aliushika muda mrefu, kisha akaniuliza iwapo mizani ilikuwa ya sahani au ya ndoana.