Agosti Molo na mtoto wa Kisumu

Tulipotangaza kwamba likizo ya Agosti tunampeleka binti yetu Molo kwa shosho yake, yaani mama yangu, dani yake hapa Kisumu, mama wa mume wangu, alikuja juu. "Mnampeleka mtoto akashikwe na nimonia? Si mngoje Desemba?" Namheshimu sana mama mkwe wangu, na najua anaongea kwa mapenzi. Lakini mimi ni mzaliwa wa Molo, nimekulia kwenye baridi ile, na nilitaka mwanangu aijue angali mdogo. Halafu Desemba nauli hupanda na kiti chenyewe kinakuwa cha kupigania.

Kisumu iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, Molo kama 2,500. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi sita hivi. Kwa hiyo unaondoka nyumbani na fulana asubuhi, mchana unatafuta koti. Na Agosti huko juu ni mawingu na mvua, jua linaweza kukosa kuonekana mpaka saa sita.

Nguo tulizitafuta Kibuye siku ya Jumapili, mitumba inapokuwa tele. Tulichukua masweta mepesi badala ya jaketi moja zito, taitsi, soksi nene na marvin ya kufunika masikio. Nguo nyepesi zikivaliwa moja juu ya nyingine zinashika joto vizuri, na mtoto akianza kutoka jasho unamvua moja tu. Kuloa jasho kisha kupigwa na upepo ndiko kunakomletea baridi kali.

Mpaka Ahero alikuwa na kigauni chake cha kila siku. Akalala Awasi, akaamkia Kericho, akabandika uso kwenye dirisha. "Mama, nani anachoma shamba?" Ulikuwa ukungu, umetanda juu ya majani chai kote. Gari liliposimama tukamshusha anyooshe miguu, na hapo ndipo alipoiona pumzi yake. Akapumua, akatazama, akapumua tena. Kisha akamwendea baba yake, akamfungua mdomo kwa vidole vyake viwili, achungulie kama naye ana moshi. Baba yake akapumua kwa nguvu. Alicheka mpaka kondakta naye akacheka, na ikabidi tumbembeleze ndipo akubali kurudi ndani. Tukapita Londiani Junction, tukafika Mau Summit mvua ikinyesha, tukashika barabara ya Molo.

Shosho alikuwa ametuandalia mukimo na uji wa wimbi, na mtoto alikula kuliko anavyokula nyumbani. Kuoga tulihamishia adhuhuri, jua likichungulia, mlango umefungwa na taulo karibu.

Usiku ndipo palikuwa na neno. Mama alikuja chumbani na jiko la makaa yaliyokolea, aliweke karibu na kitanda ili mjukuu asipate baridi. Amefanya hivyo miaka yote, kwake huo ni upendo. Nilimshika mkono nikamwambia, "Mama, hili tafadhali libaki nje." Makaa hayo, hata yakiwa mekundu bila moshi, yanatoa kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi. Unaanza kuumwa kichwa, unajisikia usingizi mzito, na katika chumba kilichofungwa unaweza usiamke tena. Mtoto mdogo huathirika haraka kuliko mtu mzima, kwa sababu anapumua harakaharaka. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za familia iliyokutwa asubuhi imekufa, jiko katikati ya chumba. Sitaki kuandika habari kama hiyo ya nyumba yetu, wala ya nyumba yako unayesoma hapa.

"Sisi tulilala nalo na tukakua," Mama alisema. Mume wangu, ambaye kwa adabu haingilii maneno ya mama mkwe wake, alisema taratibu tu, "Mama, tulale naye katikati yetu. Hatahisi baridi." Mama akatuangalia, akalibeba jiko mpaka barazani. Aliporudi alikuwa na chupa ya maji moto, ameifunga kwa leso. Tukaiingiza kitandani kabla ya mtoto, tukaitoa alipolala. Asubuhi alikuwa na joto kuliko mimi.

Mchana ulikuwa wa kondoo. Kulikuwa na mwanakondoo mchanga, na binti yetu aliingiza vidole vyote ndani ya sufu, akashangaa kukuta ngozi ina joto huku juu kumelowa umande. Basi kila mvua ikikatika, anadai buti zake.

Alirudi Kisumu na kamasi kidogo, ambazo dani yake aliziona kabla hata hatujashusha mizigo. Zikaisha zenyewe. Sasa kila jioni anataka shosho apigiwe simu amwulize mwanakondoo amekula nini, na shosho anamweleza kwa kirefu, nyasi kwa nyasi, mpaka salio linaisha.