Safari ya Matema isiyokuwa na msiba

Katika miaka kumi na minne ya ndoa nimekwenda Tukuyu mara tano. Nne kuzika, moja harusini, na hata hiyo harusi ilisogezwa wiki moja mbele kwa sababu ya msiba. Kwa hiyo nilipomwambia mwenzangu tunayepakana naye duka Kariakoo kwamba mwezi wa sita nafunga wiki nzima kwenda ukweni, hakuuliza sababu. Aliweka chini jora la kitenge, akanishika mkono.

"Pole sana, shoga yangu. Nani tena?"

"Hakuna. Tunakwenda kutembea tu, ziwani."

Akaniangalia kama mtu anayefichwa jambo.

Simlaumu. Safari zetu watu wa Dar za kwenda mkoani zote zina jina: msiba, harusi, mgonjwa, Krismasi. Kukaa kwenye basi kilomita kama 900 ili ukalale mchangani, wakati Kigamboni ni pantoni tu na Mbudya unavuka kwa boti kutoka Kunduchi, huo ni wazimu au ni pesa za kuchezea. Na sisi za kuchezea hatuna. Hizi zilikuwa za madirisha ya nyumba yetu ya Chanika, ambayo hadi leo yamezibwa kwa turubai. Ila Baba Tumpe alishaahidi. Kila mwaka huwaambia watoto kwamba kwao kuna maji matamu yasiyo na mwisho, na kila tukifika Tukuyu tunakuta watu wamejaa uani, tunapika, tunazika, tunarudi. Ziwa Nyasa liko bondeni pale, saa mbili tatu kwa gari, na hatukuwahi kuligusa.

Basi liliondoka stendi ya Magufuli, Mbezi, saa kumi na mbili asubuhi. Ya njiani nayapitisha haraka, maana aliyewahi kupita barabara ya Zambia anayajua: Mikumi, ambako lami inakata hifadhi kwa kilomita kama 50 na Gwakisa wangu wa miaka minane akahesabu twiga kumi na mmoja (mimi niliona sita), kuchimba dawa porini, wanawake upande huu, wanaume upande ule, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vinavyofika dirishani kabla basi halijasimama sawasawa. Kitonga tu ndiyo siwezi kuipita kimya. Malori yanapanda mlima kwa mwendo wa bibi harusi, moja nyuma ya jingine, upande mmoja ukuta wa mwamba na upande mwingine hewa tupu. Yule kijana aliyekuwa akituuzia dawa ya meno ndani ya basi tangu Morogoro, inayotibu pia mgongo na nguvu za kiume, pale alikaa chini akafunga mdomo. Tumpe, ambaye ana miaka kumi na miwili na haogopi kitu, alinishika kidole kimoja tu, ili asionekane.

Makambako masweta yakatoka. Tukuyu tuliingia usiku, mvua ya rasharasha, ukungu umelala mpaka kwenye taa za barabarani.

Shangazi yake Baba Tumpe alikuwa macho, jiko la mkaa limekolea. "Mugonile," akatusalimu, kisha akachungulia nyuma yetu gizani. "Na wengine?"

Kumbe aliposikia kwenye simu kwamba tunakuja sote na watoto, katikati ya mwaka, alimaliza hesabu mwenyewe. Alikwishaazima masufuria mawili makubwa ya kanisani. Baba Tumpe akaanza kueleza, mapumziko, likizo ya shule, ziwa. Shangazi akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Haya, mungeniambia ningeazima moja." Tulikula ndizi na maharage kutoka kwenye sufuria la watu hamsini kwa siku mbili nzima, na majirani waliokuja kutoa pole waliketi wakala pia. Siku mbili hizo hazikuwa kwenye mpango. Lakini huwezi kupita mlango wa shangazi kwenda kuogelea. Ungesikia habari zako mpaka kwetu Tabata.

Siku ya tatu tukateremka. Nasema kuteremka kwa maana yake kamili. Tukuyu ni mji wa mlimani, na ziwa liko juu ya usawa wa bahari kwa mita zisizofika 500, kwa hiyo ndani ya gari tulilopanda, Noah, tulivua nguo kadiri mashamba yalivyobadilika. Kwenye chai tulikuwa na masweta, kwenye migomba tukayafunga kiunoni, na tulipofika Kyela kwenye mpunga na kokoa iliyoanikwa uani mwa watu, Gwakisa alikuwa kifua wazi na mimi najipepea kwa tiketi. Joto la Kyela ni la kwetu kabisa, lile la Dar la mwezi wa pili, la kunata. Tukapita Ipinda. Halafu milima ya Livingstone ikasimama mbele yetu kama mtu amefunga mlango.

Hapo ndipo Matema ilipo, kwenye kona ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, pale mchanga unapoishia na mlima kuanza. Hakuna mteremko wa kukuandaa. Mlima unatoka mawinguni ukiwa na msitu wake, unaingia majini moja kwa moja, na kwa namna ziwa lenyewe lilivyo, lenye kina kinachofika mita 700 sehemu zake za ndani kabisa, naamini unaendelea kushuka huko chini bila haraka.

Watoto hawakungoja mizigo ishuke. Gwakisa aliingia mpaka magotini, akachota kwa kiganja, akanywa, akatema kwa mazoea. Kisha akasimama. Akachota tena.

"Mama, hayana kitu!"

Yeye kajifunza kuogelea Kigamboni, na kwake maji makubwa ni maji ya chumvi. Alijilaza chali kama anavyojilaza baharini, akashangaa miguu inazama. Chumvi ya bahari humbeba mtu. Huku inabidi ujibebe mwenyewe kidogo. Ilimchukua mchana mzima kulizoea hilo. Ila macho hayakumwasha, na jioni hakuhitaji kuogeshwa, jambo ambalo mimi nililipokea kama zawadi binafsi.

Kichekesho zaidi kilikuwa cha dada yake. Asubuhi ya pili nilimkuta Tumpe amekaa na viatu mkononi, anatazama maji.

"Nangoja yatoke," akaniambia, "nikaokote konokono kule mbele. Yanatoka saa ngapi?"

Hayatoki. Mtoto wa pwani hajawahi kufikiria kwamba maji yanaweza kukaa pale pale asubuhi na jioni, bila kupwa wala kujaa. Mawimbi yapo, tena ya kweli, lakini mstari wa maji ni ule ule. Hata mimi, mtu mzima, nilijikuta kila saa nasogeza kanga yangu juu kwa hofu ya maji kujaa.

Ila ziwa hili si la kuchezea tu kama tunavyoifanya bahari yetu siku za Jumapili. Hatua ishirini kutoka kwenye mkeka wetu kina mama walikuwa wakiosha vyombo, wakijaza ndoo, wakifua. Vijana wanakung'uta nyavu. Mimi nilikaa siku ya kwanza kama mgeni wa hoteli, nikaona aibu, siku ya pili nikapeleka sufuria letu. Mama mmoja akanipisha kwenye jiwe lake, akanionyesha namna ya kusugulia kwa mchanga laini. Nikamjibu "ndaga", yaani asante, neno langu moja la Kinyakyusa ninaloliamini, akacheka mpaka akaita wenzake.

Yeye ndiye aliyenipa masharti ya kuogelea, na nayaandika hapa kwa mwenye watoto. Usiwapeleke karibu na mdomo wa mto Lufilyo, kule kuna mamba. Usiwaache wacheze kwenye matete na maji yaliyotuama. Kichocho hutoka kwa konokono wanaokaa sehemu kama hizo. Kaa kwenye mchanga ulio wazi, penye wimbi. Tulifuata yote, na bado dada yangu muuguzi akasisitiza watoto wapimwe wiki kadhaa baada ya kurudi, maana kichocho hakijionyeshi siku hiyo hiyo.

Chakula sikipigii kelele, wanaojua wanajua: samaki mbasa wa kuchoma na wali wa Kyela. Mchele ule ukichemka jirani anajua. Baba Tumpe alikula kama mtu anayelipwa deni.

Ijumaa tulikwenda Ikombe, kijiji cha Wakisi. Wanawake wa huko ndio wanaofinyanga vile vyungu vyeupe vyenye mapambo ya udongo mwekundu mnavyoviona vikiuzwa barabarani Mbeya. Milima haijaacha nafasi ya gari, ni mguu au mtumbwi. Mwenye mtumbwi wa injini alianza elfu sitini, tukashushana hadi arobaini, tukapanda. Nikahesabu maboya ya kuvaa. Matatu. Sisi wanne, na yeye wa tano.

"Mama, ziwa limetulia," akasema.

Nikashuka na watoto wangu. Baba Tumpe akanitazama kwa jicho la usitutie aibu ukweni, nikamtazama kwa jicho la thubutu. Yule bwana akaenda kuazima mengine mawili, akachukua saa nzima. Saa ile ilitugharimu baadaye, lakini siijutii.

Njiani maji yalikuwa kioo. Kwenye mawe tulisimama, watoto wakazamisha nyuso na miwani ya kuogelea ya bei ya machinga. Samaki wa buluu, wa manjano, wenye mistari, wadogo kama kidole, wanaogombania jiwe kama wapangaji wanaogombania bomba. Ziwa Nyasa lina aina za samaki kwa mamia, nyingi zikiwa haziko popote pengine duniani. Gwakisa aliinua kichwa kila sekunde tano kutangaza rangi mpya.

Ikombe nilikaa mbele ya mama mmoja kivulini kwa muda ambao wenzangu walichoka wakaondoka. Hana gurudumu. Udongo uko mbele yake kwenye kigae, anauzungusha kwa mkono wa kushoto, kulia ana kipande cha kibuyu anachokwangulia ndani mpaka ukuta unakuwa mwembamba kuliko nilivyodhani udongo unaweza. Kisha akachukua kijiwe cha ziwani, cheusi, laini kama sabuni iliyotumika, akaanza kusugua. Kila anapopita panang'aa. Kijiwe kilikuwa kimelika upande mmoja kwa umbo la kidole gumba chake. Nikauliza amekuwa nacho muda gani. Akasema kilikuwa cha mama yake.

Nikanunua chungu. Si hicho, kilikuwa bado kibichi. Nilichukua ndugu yake aliyekwishachomwa.

Kurudi, upepo wa kusini ulikuwa umeamka. Sisi pwani tunauita kusi, na mwezi wa sita ni wake; huku unapiga urefu wote wa ziwa bila kizuizi mpaka unatufikia sisi kwenye kona. Mtumbwi ukawa unapanda na kushuka, maji yanaingia, Baba Tumpe anakomba kwa kopo. Mimi nimekumbatia chungu kwa mkono mmoja na Gwakisa kwa mwingine. Tumpe baadaye alidai nilikishika chungu kwa nguvu zaidi. Uongo. Tulipofika yule bwana wa mtumbwi alivua boya lake polepole, akasema, "Mama, wewe ni mtu wa maji."

Jumamosi tulipita gulio la vyungu la Lyulilo, pale pale jirani, vyungu vimepangwa mchangani kama vichwa vya watu wanaosikiliza mkutano. Nikaona vya bei nafuu kuliko changu. Sikusema kitu.

Usiku wa mwisho hapakuwa na mwezi. Wavuvi wa dagaa walitoka, taa moja moja, baadaye taa nyingi, mpaka ukadhani kuna mji ng'ambo. Watoto walilala kwenye mkeka. Mimi na mume wangu tulikaa tu. Nadhani haijawahi kutokea tukakaa kwao usiku bila mtu kulia wala sisi kugawana zamu za jikoni. Hatukuwa na la kuongea, tukaongea madirisha.

Kurudi Dar konda alitaka chungu kiende kwenye buti pamoja na mchele. Kilikaa mapajani mwangu kutoka Kyela hadi Mbezi, kimefungwa kitenge, na Kitonga kilishuka kikiwa kimefumbwa macho kama mimi. Bajaji ikatufikisha Tabata saa saba usiku.

Asubuhi nafagia mlangoni, jirani akaja na kanga begani, sura ya majonzi, elfu tano imekunjwa kiganjani.

"Poleni sana, Mama Tumpe. Mmezika salama?"

Nikamwambia hakufa mtu. Akanitazama, akatazama chungu dirishani, akamtazama Gwakisa aliyeungua pua kwa jua.

"Sasa mlifuata nini huko kote?"

"Kuogelea," Gwakisa akamjibu.

"Kuogelea?" Akairudisha elfu tano yake kwenye pindo la kanga, akaifunga fundo. "Na bahari yote hii?"