Nilivyopima Maji Yanavyoingia Ardhini Amudat

Nilisomea elimu ya udongo Makerere, na miaka yangu ya kwanza ya kazi niliitumia katika maabara za Kawanda, nikichambua udongo mwekundu wa Buganda, ambako mvua hunyesha misimu miwili kwa mwaka. Nilipohamia kwenye utafiti wa nyanda kame za Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, iliko wilaya ya Amudat, nilikutana na mambo niliyokuwa nimeyasoma vitabuni tu. Chupa ya asidi ya haidrokloriki, ambayo Buganda sikuwa na haja ya kuifungua, huku niliishika kila siku: ukidondosha matone mawili juu ya vijiwe vyeupe vya udongo wa chini, povu huchemka papo hapo, kwa kuwa vijiwe hivyo ni chokaa, na mvua ya huko haitoshi kuiyeyusha na kuishusha mbali na mizizi.

Karamoja si jangwa kamili bali ni nusu jangwa, na msimu wake wa mvua ni mmoja, takriban Aprili hadi Septemba, tena mvua yenyewe haitabiriki. Nilitaka kujua ni kiasi gani cha mvua hiyo huingia ardhini na ni kiasi gani hutiririka na kupotea, maana malisho yote hutegemea jibu hilo.

Nilianza mwezi wa Februari, kiangazi kikali, kwa pete mbili za chuma, ya ndani yenye upana wa sentimita 30 na ya nje sentimita 60, ambazo hupigiliwa ardhini na kujazwa maji, kisha kwa rula husomwa maji ya ndani yanashuka kwa kasi gani. Yale ya pete ya nje huyazuia ya ndani yasikimbilie pembeni. Kina cha sentimita 10 tu huhitaji lita 28 hivi, yaani karibu jerikani moja na nusu. Udongo mweusi wa bondeni ni wa mfinyanzi, unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka, na siku hiyo ulikuwa umepasuka nyufa ambazo mkono wangu ulizama hadi kiwiko. Maji yalitoweka kabla sijaisoma rula. Kwa takwimu zile, bonde lingeonekana linanyonya maji kuliko mchanga, nami nilikuwa tayari kuziandika hivyo katika ripoti.

Mzee mmoja mfugaji alikuwa amesimama akinitazama. Wapokot wa Amudat huenda na kurudi Kenya, kwa hiyo tulielewana kwa Kiswahili bila mkalimani. Akaniambia, "Mwanangu, maji hayo akina mama wameyafuata tangu alfajiri, nawe unayamwaga kwenye ufa. Njoo mvua ikishanyesha mara mbili tatu, utayakuta yamesimama hapa hapa." Nilimwomba radhi, na aibu ile sijaisahau, kwa sababu alikuwa amenisahihisha katika mambo mawili kwa pamoja: matumizi ya maji na sayansi yenyewe.

Niliweka pete kando na kuiacha mvua ifanye kazi ya jerikani. Nilifunga kipimamvua, nikachagua vituo vitatu kwenye mstari mmoja kutoka kilimani hadi bondeni, nikifuata wazo la katena, yaani mnyororo wa udongo unaobadilika kwa kufuata mteremko, ambalo mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne alilitoa miaka ya 1930 akiwa Amani, Tanganyika, kutokana na udongo wa Afrika Mashariki hii hii. Kila baada ya mvua nilichimba shimo dogo katika kila kituo na kupima unyevu umefika wapi.

Kilimani, penye changarawe na nyasi, unyevu ulishuka vizuri. Katikati ya mteremko, mahali palipokanyagwa na mifugo hadi pakabaki peupe, juu palikuwa na gamba jembamba lililogandamizwa na matone ya mvua. Nililibandua kwa kisu, na chini yake vumbi lilikuwa kavu kabisa. Bondeni, mvua ya kwanza ilizama kwenye nyufa, lakini zilipozibika maji yalituama, kama mzee alivyosema.

Tangu hapo sipimi udongo wa namna hii kwa safari moja. Nakwenda kiangazi, kisha narudi nyufa zikishafunga, na kila takwimu huiandika pamoja na hali ya udongo siku hiyo. Mashimo tuliyafukia jioni ile ile, maana ng'ombe hupita hapo wakirudi bomani.